Kununua Nyumba Milima ya Taita: Pima Kwanza Jua la Mwezi wa Sita

Sisi watu wa Mombasa huchagua nyumba kwa kulikimbia jua na kuufuata upepo wa kusi. Mazoea hayo yakipandishwa Wundanyi, mji ulio Milima ya Taita, hugeuka hasara, kwa kuwa upepo ule ule unaotuburudisha pwani ndio unaobeba unyevu wa bahari hadi milimani, ukaifunika kwa ukungu miteremko inayotazama kusini-mashariki. Mimi ni dalali, na kabla mteja wangu hajatoa arubuni humpitisha katika utaratibu huu.

Hatua ya 1. Nenda Juni au Julai, tena ulale huko. Januari kila nyumba ya Taita hupendeza.

Hatua ya 2. Alfajiri simama mlangoni na dira ya simu. Tarehe 21 Juni jua huchomoza kwenye digrii 67 hivi, yaani kaskazini zaidi ya mashariki yenyewe. Elekea huko, nyosha mkono, kunja ngumi, kisha hesabu ngumi kutoka usawa wa macho hadi ukingo wa mlima. Ngumi moja ni kama digrii 10, nayo hulichelewesha jua karibu robo tatu ya saa. Kwa hiyo mlima wa ngumi tatu utalizuia jua la saa kumi na mbili na nusu hadi karibu saa tatu kasorobo. Upande wa machweo pima vivyo hivyo, kwenye digrii 293. Mama mmoja wa Kisauni nilimpeleka kwenye nyumba yenye ngumi nne mashariki na tatu magharibi: blanketi aliloanika asubuhi alilianua jioni likiwa bado zito kwa maji, naye hakuinunua.

Hatua ya 3. Adhuhuri ya Juni jua huwa upande wa kaskazini, digrii 63 hivi kutoka upeo wa macho. Hapo upenu wa mita 1 hutia kivuli karibu mita 2 za ukuta, kwa hiyo baraza pana tunaloliona neema huku kwetu, likijengwa upande huo, huacha vyumba vikiwa baridi mchana kutwa.

Hatua ya 4. Sogeza kabati, pitisha kiganja ukutani nyuma yake, kisha nusa godoro. Ukiona kipande kimoja tu cha ukuta kimepakwa rangi mpya, ulizia sababu. Jirani, wala si mwenye nyumba, ndiye wa kuulizwa nguo hukauka kwa siku ngapi.

Ukiridhika na hayo yote, ndipo ukapekue hati ya ardhi.