Kamati ya chama cha wakazi: karatasi kwanza, kikao baadaye

Kikao cha kamati huharibika kabla hakijaanza. Wanakamati wakifika bila kujua wanaamua nini, watabishana mpaka usiku, na mwezi unaofuata hakuna atakayekumbuka walikubaliana nini.

Kwa mtaa wa kawaida wa Nairobi, kamati ya watu saba hadi tisa inatosha. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanakamati wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali, ifuate katiba ya chama chenu. Ikiwa katiba iko kimya, irekebisheni iseme nusu ya wanakamati na mmoja zaidi.

Siku saba kabla ya kikao, katibu atume ajenda, kumbukumbu za kikao kilichopita na taarifa ya fedha. Ajenda iandikwe kama swali. Neno “Ulinzi” peke yake litawamalizia saa nzima. Afadhali: “Je, tuajiri mlinzi wa pili wa usiku kwenye lango la nyuma kuanzia mwezi ujao, na mshahara utoke wapi?” Mambo ya kuamuliwa yatangulie, taarifa zifuate. Ikifika saa mbili usiku, nusu ya kamati inawaza kwenda nyumbani.

Kwenye fedha msiharakishe. Taarifa ya mweka hazina ioneshe salio la mwanzo, mapato, matumizi na salio la mwisho, na iambatanishwe na taarifa ya benki na ya Paybill, ile namba ya chama ya kupokea malipo ya M-Pesa. Kitabu kikisema 218,900 na akaunti zote mbili kwa jumla zikisema 212,400, ile 6,500 lazima ielezwe papo hapo. Mara nyingi ni ada za benki ambazo hazijaandikwa, au pesa taslimu zilizopokewa na bado ziko mfukoni mwa mtu. Hilo la pili likijirudia, piga marufuku kupokea taslimu. Michango kutumwa kwa namba binafsi ya mweka hazina ni kosa hata awe mwaminifu kiasi gani: pesa zake na za chama zinachanganyika, na akihama, rekodi zinahama naye.

Waweka saini wa akaunti ya benki wawe watatu, wawili watoshe kutoa pesa. Mke na mume wasiwe wote wawili kwenye orodha hiyo.

Zabuni ya taka ikiombwa na shemeji wa mwenyekiti, mwenyekiti atangaze uhusiano huo, atoke nje, na kumbukumbu zitaje saa aliyotoka na aliyorudi. Kubaki ndani akiwa “kimya” hakusaidii. Wenzake watamwonea haya.

Matumizi yasipitishwe kwa vidole gumba vya WhatsApp. Pampu ya kisima ikifa Jumapili, katiba iwe imeshampa mwenyekiti na mweka hazina kiwango cha dharura, tuseme 10,000, kitakachothibitishwa kikao kinachofuata.

Kumbukumbu zitoke ndani ya saa 48. Zisieleze nani alimjibu nani. Kila uamuzi uwe na jambo, kiasi, jina la mhusika na tarehe ya mwisho. Mkishachagua viongozi wapya, chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama kimjulishe Msajili ndani ya siku 14. Benki nayo itadai kumbukumbu za uchaguzi zilizosainiwa kabla ya kubadilisha waweka saini, kwa hiyo ziandaeni wiki hiyohiyo, viongozi wa zamani wangali wanapokea simu.