SAT ya wastani? Wahi dirisha la kwanza
Kwa wanaoomba vyuo vya Marekani vilivyo vigumu kuingia, wakiwa na alama za wastani za SAT (mtihani wa kuombea vyuo huko): tafuta Common Data Set ya chuo (takwimu ambazo chuo huchapisha kuhusu wanafunzi wake), shuka hadi kipengele C9 chenye alama za SAT, usome safu ya asilimia 25, yaani alama ambayo robo ya wanafunzi wako chini yake. SAT yako ikiwa chini ya hapo, na chuo hakilazimishi alama (Chuo Kikuu cha Chicago kiliacha kulazimisha 2018), usizitume. Kisha omba kwa Early Decision (dirisha la kwanza la maombi, linalokufunga), mara nyingi mwisho ni 1 Novemba. Unasaini kwamba ukikubaliwa utakwenda, mzazi na mwalimu mshauri nao wanasaini, na chuo kinapenda mtu asiyeyumba. Kwa MIT na Harvard mbinu hii haifui dafu: alama ni lazima. Unategemea msaada wa ada? Fikiri mara mbili, maana ukishajifunga huna ofa ya kulinganisha.