Moshi wa mwezi wa tisa na majani ya maharagi

Kila mwezi wa tisa pori zinazozunguka Lubumbashi zinawaka. Wengine wanachoma ili wapate panya na wanyama wadogo, wengine wanasafisha shamba wakingoja mvua, na tanuru za makala zinafuka mchana na usiku. Wakati huohuo, mabondeni kando ya mto Kafubu, akina mama wanamwagilia lengalenga na maharagi. Moshi ule unaweza kudhuru maharagi hata kama moto wenyewe uko mbali.

Kinachodhuru ni ozoni. Ni gesi ya oksijeni, ila chembe yake moja ina atomu tatu badala ya mbili. Karibu asilimia 90 ya ozoni yote iko juu sana, nyingi yake kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, na huko ni rafiki yetu mkubwa: inazuia miale ya jua inayounguza ngozi, kuharibu macho na kudhoofisha mimea. Gesi za frigo za zamani zililipunguza tabaka hilo la ozoni kidogokidogo, hadi mataifa yakakubaliana Montreal tarehe 16 Septemba 1987 kuanza kuzipunguza. Sasa linapona polepole.

Ozoni ya chini ni gesi ileile, lakini inatengenezwa hapahapa. Moshi wa nyasi, wa makala na wa magari una gesi ambazo jua kali likizipiga zinazaa ozoni. Kwa hiyo inazidi alasiri, na kiangazi chetu kinaipa kila inachohitaji: moto mwingi na anga bila mawingu. Upepo unaipeleka mbali na pale moto ulipowashwa. Inaingia ndani ya jani kupitia vitundu ambavyo jani linapumulia, inaua seli, na mmea unatumia nguvu kujitibu badala ya kujaza maganda. Maharagi na soya huumia upesi, mahindi huvumilia zaidi.

Kabla ya kununua dawa, chuma jani la chini, lile lililokomaa, ulitazame kwenye mwanga. Ozoni huacha vidoa vidogo vya kahawia upande wa juu wa jani, katikati ya mishipa, na mishipa yenyewe inabaki kijani. Baadaye jani linageuka rangi ya shaba na kudondoka mapema, huku machanga ya juu yakiwa bado mazuri. Sugua kidoa kwa kidole: ukipata unga wa rangi ya kutu, huo ni ugonjwa wa kutu. Geuza jani: ukiona utando mwembamba na vidudu vidogo vinavyotembea, ni utitiri. Usipopata kimoja kati ya hivyo, na kumekuwa na moshi na jua kali kwa siku nyingi, usipige dawa ya ukungu. Hakuna dawa ya ukungu itakayorudisha jani lililoungua kwa ozoni, na pesa ile afadhali uinunulie mbegu.

Endelea kumwagilia na kulisha udongo, maana mmea wenye nguvu unatoa majani mapya. Lakini kazi kubwa iko kwenye kiberiti. Mabua ya mahindi usiyachome. Yalaze kati ya mistari, yatunze unyevu na yaoze kuwa mbolea. Alasiri zenye moshi mzito, mwenye pumu na mtoto wasifanye kazi ngumu shambani, kwa sababu ozoni inaunguza mapafu pia.

Pale ambapo lazima kuchoma, kaeni na chifu na majirani mpange kuchoma mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi. Moto wa wakati huo ni mdogo, miti inapona, na hauachi nyasi kavu nyingi za kulisha ule mkubwa wa mwezi wa tisa. Fyekeni kwanza njia ya kuzuia moto kuzunguka mashamba, na watu wenye matawi mabichi na maji wabaki hapo mpaka cheche ya mwisho izimike.