Kumpeleka volontia mahali anapohitajika, sio mahali penye nafasi

Kama unapokea mavolontia hapa Mwanza, wawe wanachuo wa SAUT au wageni kutoka Ulaya, sivii zao ziweke pembeni kwanza. Anza na kazi iliyokwama. Nenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, ukaongee na mwenyekiti na watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, uliza nini kimesimama na kwa nini, na usikubali jibu la "tunataka mradi" maana hilo halikusaidii kitu. Endelea kuuliza mpaka mama mmoja akwambie mvua zikinyesha dagaa wanaoza kwa sababu chanja zimevunjika na wanaanika mchangani, hapo sasa unajua unatafuta seremala. Sio mwalimu wa ujasiriamali, hao wameshakuja wa kutosha jamani.

Kichocho ndo wengi wanachemka. Analetwa binti wa watu awaambie watoto wasioge ziwani, wakati nyumbani bomba hakuna, watoto watamsikiliza vizuri tu halafu jioni wako majini. Hapo mtafute fundi bomba au anayejua kujenga vyoo, maana mayai ya kichocho yanaingia ziwani na mkojo na kinyesi, yanakutana na konokono, mzunguko unaanza upya. Na daktari mgeni asiguse mgonjwa kabla hajasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, hata awe bingwa kwao.

Ukija kwa volontia mwenyewe, muulize mara ya mwisho hiyo kazi aliifanya lini na kwa vifaa gani. Mtu akiandika "kompyuta" anaweza kuwa fundi wa kufungua mashine au anajua Excel tu, na mhazini wa vikoba huenda anachotaka ni mtu wa kumnyooshea daftari.

Ratiba nayo iangalie: wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, basi kikao chao kiweke hapo. Wanaoanika usiwaite jua likiwa kali, watakuja saa ngapi na dagaa ziko juu ya chanja?

Halafu kila volontia mpe mwenyeji wa fani hiyohiyo, anayejua Kisukuma, au Kikerewe kama mnavuka kwenda Ukerewe, ili mgeni akiondoka ujuzi ubaki. Waanze na chanja moja tu, akina mama waitumie, wakiikubali ndo mnunue mbao za nyingine, wakiikataa huyo volontia mhamishie shule ya msingi, madawati mabovu hayakosekani.