Namna ya Kuchunguza Wino na Ngozi katika Miswada ya Kale ya Kigaeli

Anayeijua ngoma ya Kiganda ameshaijua nusu ya kazi hii. Ngozi ya ngoma haikulainishwa kwa magome ya miti kama ngozi ya kiatu. Huwambwa ikiwa mbichi ikakaukia hapo hapo, ndiyo sababu hulegea wakati wa mvua na kukaza ikiotwa moto. Ngozi ya ndama waliyoiandikia makarani wa Ayalandi, wenye lugha ya Kigaeli, ina tabia hiyo hiyo, kwani ililowekwa katika maji ya chokaa, ikakwanguliwa na kukaushwa ikiwa imevutwa kwenye fremu. Kwa hiyo, kabla ya kipimo chochote, hakikisha unyevu wa chumba haupandi na kushuka.

Aliyeko Kampala aanzie kwenye picha za tovuti ya Irish Script on Screen, ambazo Taasisi ya Mafunzo ya Juu ya Dublin huziweka wazi bila malipo. Atafute Lebor na hUidre, yaani Kitabu cha Ng'ombe wa Kahawia, ambacho Máel Muire, mmoja wa waandishi wake, aliuawa mwaka 1106. Humo mkono mwingine, yaani mwandiko wa karani mwingine, ambao wataalamu huuita H, ulikwangua maandishi ya awali na kuandika mengine juu yake.

Ukiwa mbele ya ngozi yenyewe, ilaze taa karibu na usawa wa ukurasa, kisha tumia lenzi ya kukuza mara 10. Palipokwanguliwa pataonekana pamechakaa, na vitundu vya nywele vitatoa vivuli vidogo. Usimtaje mnyama kwa vitundu peke yake, maana kisu cha karani huvifuta. Njia ninayoiamini ni ile iliyoelezwa mwaka 2015 na watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha York: raba ya kufutia husuguliwa taratibu juu ya ngozi, na kolajeni, yaani protini ya ngozi, iliyonaswa katika mabaki ya raba hupimwa maabara ili kutenganisha ndama, mbuzi na kondoo.

Wino ujifunze kwa kuutengeneza. Wino wa chuma wa zama hizo ulichanganya tanini (kemikali chungu ya mimea) ya vinundu vya mwaloni, salfeti ya chuma na gundi. Kwa mazoezi, chemsha majani ya chai hadi yakolee sana, ongeza siki iliyolowekwa misumari ya chuma kwa siku kadhaa, kisha gundi ya mgunga, kama ile inayokusanywa Karamoja. Andika neno juu ya kipande cha ngozi ya mbuzi. Litakuwa hafifu mwanzoni, kisha litakoza kadiri hewa inavyolifikia. Kando yake andika neno jingine kwa masizi na gundi. Ukiyapiga picha kwa kamera ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, neno la masizi litabaki jeusi, na la chuma litafifia kadiri urefu wa mawimbi unavyozidi.

Mashine ya eksirei, inayopima metali zilizomo katika wino, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Linganisha uwiano wa shaba, zinki na manganizi kwa chuma, si kiasi cha chuma peke yake, kwa sababu mstari mnene hutoa chuma kingi hata wino ukiwa uleule. Pima pia ngozi tupu iliyo jirani, na uchague herufi isiyo na maandishi mgongoni mwake, kwa kuwa miale hupenya na kuusoma wino wa upande wa pili. Kila kipimo kiandikwe pamoja na namba ya jani, upande, mstari na herufi yenyewe, ili mwenzako aweze kurudi pale pale.