Usimpe mtu hatua 10,000 siku ya kwanza

Nyinyi mnaotengeneza app za mazoezi, tafadhali hilo lengo la hatua 10,000 kwa siku msianze nalo. Namba yenyewe ilitoka Japani mwaka wa 1965 na kifaa kinaitwa Manpo-kei, yaani mita ya hatua elfu kumi, lilikuwa jina la kuuzia bidhaa.

Fanyeni hivi, acheni simu ihesabu wiki nzima kimyakimya bila kumsumbua mtu, halafu chukueni ile siku yake ya katikati kwa idadi ya hatua, si ile alitembea sana, mwongeze kidogo tu. Shangazi yangu anauza omena hapo soko la Kibuye, Kisumu, anakaa kwa stuli kutoka asubuhi mpaka jioni, tukapata anatembea kama hatua 2,100, basi lengo tukaweka 2,400 na simu ikamwandikia "leo shuka steji moja kabla ya Kondele". Alifikisha siku hiyo hiyo, akanipigia usiku kuniambia, na furaha aliyokuwa nayo! Ungempa 10,000 angeifuta app kabla ya Jumatano.

Na akikosa siku mbili tatu shusheni lengo, msimrudishe sufuri. Mvua ya jioni ya Kisumu mnaijua, mtu hawezi toka, huo si uvivu. Pia ujumbe uende saa ile yeye huwa anatembea, si saa tano usiku ako kitandani. App yenyewe iwe nyepesi, ihesabu hata kama bando imeisha.