Jinsi ya kuomba nyaraka za majaribio ya plagi za ndege za zamani

Injini ya Liberty, iliyobuniwa Marekani mwaka 1917, ilikuwa na silinda 12, na kila silinda ilifungwa plagi mbili, yaani vifaa vya kutoa cheche ya kuwasha mafuta. Plagi hizo zilipaswa kustahimili joto, mgandamizo na mtikisiko kwa pamoja. Kihami, yaani sehemu ya plagi inayozuia umeme usivuje, kikipasuka angani, rubani hana pa kusimama akitengeneze. Ndiyo maana Ofisi ya Viwango ya Marekani, mjini Washington, ilizipima kwa umakini mkubwa, na nyaraka za kazi hiyo bado zinastahili kusomwa.

Anza na kilichochapishwa. Fungua hifadhi ya ripoti za kiufundi ya NASA mtandaoni, andika NACA-TR-51 (NACA ni kamati ya Marekani ya utafiti wa ndege iliyoitangulia NASA), kisha pakua. Hulipi chochote wala hujisajili. Ni ripoti ya mwaka 1920 kuhusu kasoro za plagi na namna ya kuzipima. Mmoja wa waandishi wake ni F. B. Silsbee. Chukua na namba 53, inayohusu vihami vya kauri.

Isome yote kabla hujaandika barua, maana humo ndimo utapata majina ya majaribio utakayoyaomba. Kuna kipimo cha kuvuja kwa gesi. Kuna kipimo cha kihami kikiwa cha moto, na kwangu hiki ndicho chenye uzito kuliko vyote: porselini huzuia umeme vizuri ikiwa baridi, lakini joto likizidi huanza kuupitisha, hivyo plagi iliyotoa cheche safi juu ya meza inaweza kushindwa ndani ya injini. Vinafuata kipimo cha volti kubwa kwenye kihami baridi, kipimo cha kugongwa, na hatimaye injini yenyewe.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya ripoti, tuma barua pepe kwa Kiingereza kwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, kituo cha College Park, Maryland. Taja kundi la kumbukumbu namba 167, ambalo ni la Ofisi ya Viwango, na namba 255 la NACA na NASA. Taja pia miaka unayoitaka, mfano 1917 hadi 1920, na jaribio lenyewe kwa jina. Usiandike tu kwamba unataka "habari za plagi". Mtunza nyaraka hatajua aanzie sanduku gani. Uliza kama kuna mafaili yanayohusika, na kama yapo, gharama ya nakala ni kiasi gani.

Ukienda mwenyewe, wasiliana nao kwanza, halafu beba pasipoti. Utapewa kadi ya mtafiti bila malipo. Ndani ya chumba cha kusomea tumia penseli, si kalamu ya wino. Begi linabaki nje. Kupiga picha za nyaraka kunaruhusiwa, ila zima flashi.

Andika namba ya kundi na ya sanduku kwa kila picha, papo hapo, kabla hujafungua faili linalofuata.